Kufuli la Emojong

Malaba ukiuliza fundi wa friji utaelekezwa kwa Amoding. Banda lake liko nyuma ya foleni ya malori, mahali ambapo madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Uganda hununua soda na maziwa ya baridi. Kila duka pale lina freeza, na hakuna freeza isiyomsumbua mwenyewe siku moja. Amoding ni mwanamke mrefu, mpole wa maneno, na kucha zake amezikata hadi mwisho. Kabla hajafungua kifuniko chochote huvua hereni, huvua saa, hukagua soli za viatu vyake kama zina tundu, kisha hufungua madirisha. Mteja akimuuliza madirisha ya nini, humjibu kwamba gesi ya friji ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na inaweza kumlaza mtu bila kumuaga.

Kazi hiyo alifundishwa na Mzee Okwakol, fundi wa zamani ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu jeupe kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Mzee hakupenda kulielezea kovu lile. Aliwafundisha tu wanafunzi wake kwamba mkono wa kushoto unakaa nyuma ya mgongo wakati wa kupima, ili stima isipate njia ya kupita kifuani. Kwamba kapasita, kile kikopo kidogo kinachoiwasha mashine, huweka moto wake hata baada ya swichi kuzimwa, kwa hivyo lazima kitolewe moto kwanza. Kwamba swichi ukiizima uitie kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako, usimpe mtu hata akiwa mama yako.

Walifundishwa wawili pamoja, Amoding na kijana mmoja wa Amukura aliyeitwa Emojong. Kati yao, Emojong ndiye aliyekuwa mwangalifu zaidi. Amoding aliwahi kuharakisha, akakemewa. Emojong hakuwahi. Kufuli lake alilipaka rangi ya manjano ili lionekane hata na mtu mwenye macho mabovu, na alipokuwa akifanya kazi alipiga mluzi kupitia kwenye meno, sauti nyembamba isiyo na wimbo wowote, mpaka Mzee Okwakol akawa anamwambia aache, anawaita nyoka.

Ndiyo maana Emojong alipokufa akiwa kazini, Amoding hakuelewa.

Alifia Busia, kwenye ghala la samaki karibu kabisa na mpaka. Walimkuta amekaa kitako kando ya mashine ya kupoza, mgongo ukutani, kama mtu aliyepumzika. Daktari alisema ni stima. Lakini swichi kubwa ilikuwa imezimwa. Kufuli la manjano lilikuwa linaning'inia juu yake, limefungwa, na ufunguo ulikuwa katika mfuko wa shati la marehemu. Waliomwinua waliliona kufuli hilo kwa macho yao, na habari ikafika Malaba kabla ya jeneza.

Kutoka hapo kila mtu alikuwa na lake. Wako waliosema alikuwa amelewa, na Emojong alikuwa mtu wa kanisa ambaye hata busaa hakuonja. Wengine walisema ghala lile lina mwenyewe asiyeonekana. Mkewe, Apolot, alisikia yote mawili akiwa bado amekaa kwenye mkeka wa matanga.

Miezi ilipita. Ndipo Ogendo, mfanyabiashara aliyekodisha ghala lile, alipompigia Amoding simu. Amoding alikataa. Alipiga tena, akakataa tena. Mara ya tatu aliyempigia hakuwa Ogendo, alikuwa Apolot.

"Dada, nimesikia wanakuita kule," Apolot alisema. "Mimi nataka uende."

"Apolot, ile nyumba mimi naiogopa."

"Hata mimi. Lakini wewe ulifundishwa pamoja na yeye. Kwa baba mkwe wangu wananiambia mtoto wao alikufa kwa uzembe. Nataka mtu anayejua aniambie ile kufuli ilikuwa inafanya nini pale."

Amoding alikaa na simu mkononi hata baada ya Apolot kukata. Asubuhi yake alifunga vifaa vyake nyuma ya pikipiki akashika barabara ya Busia.

Ghala lilikuwa nyumba ndefu ya mawe, imebanwa kati ya nyumba nyingine, na ukuta wake wa nyuma uligusana na majengo ya upande wa Uganda. Ukisimama uani ulisikia redio ya Kiganda ikiongea ng'ambo ya ukuta, na watu wakicheka, lakini huwaoni. Ogendo alimpokea mlangoni. Alikuwa mtu wa ziwani, mnene, mwenye sauti ya chini kama anayeongea hospitalini. Kando yake alisimama Gaudencia, mama wa kutoka Matayos aliyekuwa akifagia na kupanga samaki, yeye ndiye aliyemkuta Emojong.

"Mashine ina shida gani, boss?" Amoding aliuliza.

Ogendo alimtazama Gaudencia kwanza. "Mashine ni nzima," alisema. "Shida yake, haizimiki."

Alieleza polepole. Tangu msiba, hakuna mtu aliyekubali kuishika ile swichi. Lakini stima ya Busia yenyewe hukatika. Inapokatika, taa zinazimika, mashine inanyamaza kama nyingine zote, na mji mzima unanyamaza. Halafu baada ya kitambo, taa zikiwa bado zimezimika, mashine inaamka. Kabla ya msiba hakuna aliyewahi kuliangalia hilo.

"Inaamka vipi?"

"Inaamka tu. Inafanya kazi mpaka stima irudi. Samaki hawajawahi kuoza hata mara moja." Aliyasema hayo kama mtu anayeona aibu. "Mafundi wawili wamekuja, wakaambiwa, wakarudi. Mimi nataka tu kuihamisha hii biashara. Lakini nani atafungua hizo paipu?"

Gaudencia alikuwa amebana ufagio kwapani. "Mwambie na ya mluzi," alisema.

"Kabla haijaamka, kuna mluzi," Gaudencia alimwambia Amoding. "Mwembamba. Ule wake. Huyo kijana alikuja hapa mara nyingi kutengeneza mlango wa baridi, mluzi wake naujua. Huwa najiambia anaendelea na kazi yake, hajui."

Amoding aliomba maji ya kunywa, akanywa yote.

Mashine ilikaa katika chumba kidogo nyuma ya chumba cha baridi, chumba chenye dirisha moja la chini na harufu ya mafuta na samaki. Ilikuwa ikinguruma. Ukutani, mahali ambapo Emojong aliegemea, mtu alikuwa amepaka chokaa, na chokaa ile ilikuwa nyeupe kuliko ukuta mwingine, kwa hivyo ilionyesha zaidi kuliko kuficha. Amoding alivua hereni. Alivua saa. Alifungua dirisha na kuuacha mlango wazi, akamwambia Gaudencia asimame pale mlangoni, asiguse kitu, na akimwona anaanguka asimshike kwa mkono, achukue ule mti mkavu wa ufagio.

Kisha aliishusha swichi kubwa.

Ngurumo ilikufa. Feni ikazunguka kwa uvivu, ikasimama. Amoding alitia kufuli lake, akavuta kuhakikisha, akaweka ufunguo mfukoni. Alitoka na testa yake hadi kwenye kibanda cha jirani cha kuchaji simu, akaipima kwenye soketi iliyokuwa na moto, kwa sababu testa iliyokufa husema kila kitu kimekufa. Testa ilikuwa nzima. Alirudi, akafungua kifuniko cha mashine, mkono wa kushoto nyuma, akapima kila mahali pa kupimwa. Hakuna moto. Akatoa moto wa kapasita. Akapima tena. Hakuna.

Kila kitu kilikuwa sawa. Na alijua, akiwa amechuchumaa pale, kwamba Emojong pia alifika hapa hapa, kila kitu kikiwa sawa.

Ng'ambo ya ukuta redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Alichukua bisibisi. Alinyoosha mkono kuelekea skrubu ya kwanza.

Mluzi ukapita nyuma ya sikio lake.

Ulikuwa mwembamba, wa kwenye meno, usio na wimbo. Amoding aligeuza kichwa. Gaudencia alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono yote miwili.

"Ni wewe?" Amoding aliuliza.

Gaudencia alitikisa kichwa.

Nywele za mikono zilimsimama. Lakini mikono yenyewe ilikuwa imefundishwa na Mzee Okwakol, na mzee alikuwa na sheria: ukigeuza macho kutoka kwenye kazi, hata kama ni kupiga chafya, kazi hiyo huijui tena, ipime upya. Kwa hivyo Amoding aliweka bisibisi chini. Alichukua testa. Aliisogeza ncha moja.

Mashine iliruka. Kompresa iligonga, ikanguruma, na feni ikaanza kuzunguka mbele ya uso wake, polepole kwanza, kisha haionekani. Waya aliyokuwa karibu kuishika ilikuwa inatetemeka. Amoding alirudi nyuma kwa matako, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, na alipogundua ni ukuta upi, akasimama kwa haraka ambayo hakujua anayo.

Uani alikaa kando ya tangi la maji. Alitia mkono mfukoni: ufunguo upo. Kutoka alipokaa aliiona swichi kupitia mlangoni, na kufuli lake juu yake, limefungwa. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Kwa muda aliokaa pale, Amoding aliamini. Hakuwa na neno lingine la kuiita hali ile. Aliamini kwamba Emojong yuko ndani ya chumba kile, anafanya kazi, hajui.

Ogendo alikuwa anaomba kwa Kijaluo, chini kwa chini. "Tuondoke, dada," alisema alipomaliza. "Iache ikae."

"Taa ya ndani imewaka?" Amoding aliuliza.

"Nini?"

"Taa ya chumba cha samaki. Imewaka ama imezimika?"

Gaudencia alienda akachungulia. Imezimika.

Hilo ndilo lililomrudisha. Kama marehemu ameirudisha stima, kwa nini airudishie mashine na asiirudishie taa? Stima haina mapenzi. Haiji mahali bila waya, na waya ina kule inakotoka. Amoding aliingia tena, akasimama mbali na mashine, mikono nyuma, akaanza kuangalia, hakugusa. Kutoka kwenye swichi kubwa bomba la nyaya lilipita juu ya ukuta, likateremka kwenye mashine. Hilo kila fundi aliliona. Lakini chini, nyuma ya miguu ya mashine, kulikuwa na bomba jingine la chuma lililotokea sakafuni, limepakwa rangi ya ukuta, na kando yake kisanduku nacho kimepakwa rangi hiyo hiyo, mpaka ukikitazama bila kukitafuta unaona ukuta tu. Aliufuata mstari wa bomba lile kwenye saruji. Ulielekea ukuta wa nyuma.

"Huku nyuma ni kwa nani?" aliuliza.

"Huko ni Uganda," Ogendo alisema.

Walivuka mpakani, yeye na Ogendo, wakazunguka kwa miguu hadi wakafika upande wa pili wa ukuta ule ule. Palikuwa na stoo ya mahindi ya mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Omagor, mtu mkarimu, aliyewaletea viti kabla ya kuwauliza shida yao. Amoding alipomuuliza kuhusu waya inayopita ukutani, hakushangaa.

"Eee nnyabo, dada yangu, hiyo iko," alisema. Aliwasaidia kusogeza magunia. Nyuma ya magunia kulikuwa na swichi ya zamani, kubwa, imejaa vumbi, na mpini wake umesimama juu. "Mzee Otiende ndiye aliweka, yule alijenga hilo ghala lenu. Aliniambia hii ni ya samaki, nisiiguse, basi mimi sikuigusa. Hata alipokufa sikuigusa."

"Otiende alikufa lini?" Amoding aliuliza.

"Zamani kidogo," Ogendo alijibu badala yake. "Mimi nilikodisha kwa watoto wake. Hakuna mtu aliniambia kuna ya pili."

Omagor aliiwekea mkono swichi ile kama mtu anayempapasa ng'ombe. "Huwa inapata joto," alisema, "siku ambazo Kenya kwenu kuko giza."

Amoding aliishusha mwenyewe. Hakuwa na kufuli la pili, kwa hivyo Omagor aliondoa lile la mlango wa stoo yake akampa, na huo ufunguo pia ukaingia mfukoni. Waliporudi Kenya, ghala lilikuwa kimya. Gaudencia alikuwa ameketi nje kabisa, barabarani, na alisema mashine ilinyamaza ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo.

Safari hii Amoding alisubiri. Alikaa na kusubiri hadi jua likahama dirishani, akipima, akisubiri, akipima. Hakukuwa na moto. Ndipo alipokifungua kile kisanduku cha ukutani, na ndani yake akakuta kitu kilichomuua Emojong.

Ilikuwa swichi inayojigeuza yenyewe. Otiende aliiweka kwa ajili ya samaki wake: laini ya Kenya ikifa, inaita laini ya Uganda. Haikujua tofauti ya stima iliyokatika mjini na stima iliyozimwa na mkono wa fundi. Na kando yake kulikuwa na kisaa kidogo cha kuichelewesha mashine, ili kompresa isiwashwe kabla haijatulia. Ni kitu kizuri, kila mashine kubwa inacho. Lakini katika dakika zile za kuchelewa, nyaya za mashine hazikuwa na moto kabisa, na testa iliyosema hazina moto ilikuwa inasema kweli. Emojong alizima, akafunga, akapima, akakuta pamekufa. Kule kuzima kwake ndiko kulikoiita laini ya pili, na kisaa kilikuwa kimeanza kuhesabu.

Amoding alimweleza Ogendo, akamweleza Gaudencia. Laini ile ilikatwa na watu wenye kibali, pande zote mbili za ukuta, na paipu zikafunguliwa kwa amani. Kabla ya kukatwa, Amoding aliomba aone mara kadhaa jinsi mashine inavyoamka, kifuniko kikiwa kimefungwa na watu wote wamesimama mbali. Alitaka kuujua ule mluzi. Gesi inapoanza kupita kwenye tundu jembamba hupiga mluzi, hilo analijua kila fundi wa friji, na alitegemea kupata jibu lake hapo. Mluzi ulikuwepo. Lakini ulikuja baada ya kompresa kugonga. Kila mara ulikuja baada. Gesi haiwezi kutembea kabla haijasukumwa. Alijaribu tena, kisha akaomba waikate.

Jumamosi alienda Amukura. Alimkuta Apolot akipura maharage uani, akamsaidia mpaka yakaisha ndipo wakakaa. Amoding alimweleza yote, polepole, akichora chini kwa kijiti: huu ukuta, hii laini, hii nyingine.

"Kwa hivyo," Apolot alisema mwishowe, "kama hangezima, hangekufa siku hiyo."

Amoding alikuwa ameliogopa neno hilo njia nzima. "Kama hangezima angeshika nyaya zenye moto," alisema. "Alifanya vile tulifundishwa. Tulifundishwa kuzima. Hatukufundishwa kuuliza kama kuna nyingine."

"Na ule mluzi wanasema?"

Amoding alimwambia na hilo, jinsi lilivyokuwa, kwamba uliosikika siku ile ulikuja kabla, na kwamba hajui ulitoka wapi. Apolot alikusanya maganda ya maharage kwenye kanga yake, akayatazama.

"Kesho njoo kanisani," alisema. "Hayo ya mluzi uniachie mimi. Ya kufuli, usimame uyaseme."

Amoding hajawahi kupenda kusimama mbele ya watu. Lakini Jumapili ile, baada ya matangazo, mchungaji alimwita, naye akasimama kando ya benchi la wazee wa nyumba ya Emojong akaeleza. Alikuwa na kufuli la manjano mkononi, Apolot alikuwa amemletea. Alipofika mahali pa kisaa, ndani ya kanisa ulisikia mbuzi wa nje. Baba mkwe wa Apolot alikuwa ameinamisha kichwa. Amoding alipomaliza, mzee yule aliinuka, akamfuata Apolot mahali alipokaa na wanawake, akamshika mkono mbele ya watu wote.

Nje, watu walimzunguka Amoding kumsalimia. Mama mmoja aliyetoka Alupe alisubiri wengine waondoke, kisha akamvuta kando, chini ya ukingo wa paa.

"Fundi," alisema, "mimi pia niko na friji. Wakati stima imepotea, huwa naisikia ikinguruma."

Amoding alimuuliza stima ya nyumba yake inaingia kutoka wapi.

Yule mama alitazama upande wa kwao. Akasema hajui, nyumba aliikuta imejengwa.

"Usiiguse," Amoding alimwambia. "Kesho asubuhi nitakuja."